Mbio Iliyobaki Deni: Bayi, Walker na Vijana Wawili wa Bububu

Ukitaka kuchangamsha maskani ya watu wanaofuatilia tenisi, taja majina mawili tu, Federer na Nadal, kisha kaa pembeni na kahawa yako. Wote wawili wameshastaafu na watu bado wanagombana. Huyu atakwambia hakuna binadamu aliyewahi kurudisha mpira kwa mkono mmoja wa nyuma kwa ule ulaini wa Federer, utadhani jasho halimtoki. Yule atakujibu, sawa, ulaini mzuri, ila pale Paris kwenye udongo mwekundu ulimsaidia nini? Nadal kachukua Roland Garros mara 14. Mara kumi na nne, yakhe!

Kinachosahaulika kwenye kelele zote hizo ni hesabu moja. Wale jamaa walikutana mara 40. Nadal alishinda 24, Federer 16. Na hao ni cha mtoto ukiwaweka na Chris Evert na Martina Navratilova, waliokutana mara 80, na 60 kati ya hizo zilikuwa fainali. Ina maana ukifungwa leo unajua mwenzako utamkuta tena mwezi ujao, au msimu ujao. Federer alifungwa fainali ya Wimbledon ya 2008 giza likiingia, seti ya tano 9-7, watu wakasema kwisha habari yake. Mwaka 2017 kule Melbourne, ana miaka 35, akamfunga Nadal huyo huyo seti tano kwenye fainali. Deni likalipwa, hata kama ni baada ya miaka 9.

Sasa sikia ya kwetu. Tanzania nayo ilikuwa na bingwa mwenye mpinzani wa kiwango hicho, dunia nzima ikiwatazama, na mechi yao ya marudiano iliyosubiriwa kuliko zote haikuchezwa kabisa.

Bububu wanaijua habari hii siku hizi kwa sababu ya vijana wawili. Majina yao hayana haja. Mmoja ni fundi simu karibu na barabara kuu, mwingine anauza juisi ya miwa. Ni marafiki tangu skuli, na kila baada ya sala ya alfajiri, kabla gari za 502 hazijaanza kujaa, hukimbia kutoka Bububu mpaka Mtoni na kurudi. Hawana kocha, hawana klabu, viatu vyenyewe vya mtumba. Walichonacho ni daftari, na ndani ya daftari mna matokeo ya kila Ijumaa, siku ambayo wanakimbia kweli kweli. Siku nyingine ni mazoezi tu. Ijumaa ni vita.

Fundi simu anakimbia mbele tangu hatua ya kwanza. Hajui kusubiri. Muuza juisi anakaa nyuma yake, hatua sita au saba, anasikiliza pumzi za mwenzake, na wakiiona Bububu inakaribia ndipo anafyatuka. Mitindo miwili, tabia mbili. Walianza kuitana Federer na Nadal kwa utani, mpaka siku moja fundi simu akakutana na video ya zamani kwenye YouTube, akaituma kwa mwenzake bila neno lolote zaidi ya alama tatu za moto.

Ilikuwa video ya Christchurch, New Zealand, 2 Februari 1974. Fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Ili uelewe kwa nini video hiyo inasisimua mpaka leo, jua kwanza mita 1500 hukimbiwaje. Ni mbio ya kuviziana. Watu wanatembea na kundi, kila mmoja anamchungulia mwenzake, hakuna anayetaka kukata upepo kwa ajili ya wengine, halafu mzunguko wa mwisho ndipo moto unawaka. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, askari wa JWTZ, miaka 20, hakuwa na muda na mchezo huo. Mwaka mmoja kabla, kwenye Michezo ya Afrika kule Lagos, alikuwa ameshampiga Kipchoge Keino mwenyewe, na Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa masafa hayo 1968. Pale Christchurch bunduki ililia na Bayi akaondoka. Hakutangulia kidogo kidogo, aliondoka! Mzunguko wa kwanza aliumaliza chini ya sekunde 55, kundi likabaki nyuma linajiuliza huyu mtu kachanganyikiwa au vipi.

Nyuma yake kuna Mkenya Ben Jipcho, ambaye kwenye michezo hiyo hiyo alichukua dhahabu ya mita 5000 na ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Na kuna John Walker, mwenyeji, nywele ndefu za rangi ya dhahabu, fulana nyeusi, uwanja mzima unampigia kelele. Mzunguko wa mwisho Walker anaanza kula ile nafasi. Kona ya mwisho anazidi kukaribia. Mtu aliyekimbia vile tangu mwanzo alitakiwa awe amekwisha, miguu imekuwa kuni. Bayi hakwisha. Alipokaribiwa akatoa kasi nyingine, akavuka mstari kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia.

Walker alipata 3:32.52. Hebu isome tena namba hiyo. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, tangu 1967. Yaani Walker naye aliivunja rekodi ya dunia iliyokuwapo asubuhi ile, halafu akarudi nyumbani na medali ya fedha. Jipcho akawa wa tatu kwa 3:33.16. Ukimtoa Bayi kwenye mbio ile, kuna mtu anakimbia vile? Kwa mita 1100 hivi hakuna aliyekuwa na ujasiri wa hata kujaribu kumfuata kwa karibu.

Mwaka uliofuata ukawa wa majibizano ya mbali. Mei 1975 kule Kingston, Jamaica, Bayi akachukua rekodi ya dunia ya maili moja, 3:51.0. Miezi mitatu haikutimia. Agosti, kule Göteborg, Sweden, Walker akaivunja kwa 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ndiyo bifu la kistaarabu hilo, hakuna matusi, kila mtu anajibu kwa saa. Na kila mpenda riadha alijua jibu la mwisho litatolewa wapi: Olimpiki ya Montreal, Julai 1976.

Hapo ndipo siasa ikaingia, na iliingia kwa sababu ya maana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule ambao watoto wa skuli walipigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ikakataa. Nchi zaidi ya 20 zikasusia, Tanzania ikiwemo. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na waliochangia kuulipia ni wanamichezo waliojifua miaka minne kwa ajili ya siku moja. Kejeli yake ni kwamba nchi iliyosababisha yote ilikuwa ya Walker, ambaye hakucheza raga wala hakukanyaga Afrika Kusini kwenye ziara ile.

Walker alishinda Montreal. Muda wake ulikuwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya alichokimbia alipofungwa na Bayi.

Namba hiyo ndiyo inayowagombanisha wale vijana wa Bububu, na hapa ndipo daftari lao linapopata uzito. Muuza juisi anasema Walker angeshinda tu, Bayi awepo asiwepo. "Mbio ya Olimpiki ni ya akili, yakhe. Ukikimbia mbele unawapa watu mgongo wa kuutazama." Ana na ushahidi wa karibuni: Alphonce Simbu, Septemba 2025 kule Tokyo, bingwa wa dunia wa marathoni, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Simbu alikimbia kilomita 42 na kumpata Mjerumani kwenye mita za mwisho kabisa, tofauti ya sekunde 0.03. Huo ni ushindi wa kuvizia, na nchi nzima ilishangilia.

Fundi simu hakubali. Hoja yake ni moja, na kusema kweli ni nzito. Wanaosema Walker angeshinda Montreal wanaichukua mbio ile ya polepole na kumchomeka Bayi ndani yake. Sivyo. Bayi angekuwepo, mbio ile isingekuwa polepole. "Weye wasema angemshinda. Angemshinda kwenye mbio ipi? Ile haikuwa mbio ya Bayi, ilikuwa ya watu walioachiwa nafasi."

Muuza juisi hucheka akiambiwa hivyo, lakini kuna kipindi alikoma kucheka. Mwaka jana fundi simu alilala na homa wiki mbili. Muuza juisi akaenda Mtoni peke yake, Ijumaa mbili mfululizo, na saa aliiweka. Alichelewa kwa zaidi ya dakika mbili. Hakuumwa, mvua haikunyesha, njia ni ile ile. Hakuwa na mgongo wa kuufuata tu. Aliandika muda ule kwenye daftari kwa maandishi madogo, kama mtu anayeficha kitu, na fundi simu alipopona akauona na hakusema neno. Kwa vijana wanaotaniana kutoka asubuhi mpaka usiku, kunyamaza kule kulikuwa ni heshima kubwa.

Bayi na Walker waliendelea kila mmoja na njia yake. Rekodi ya mita 1500 ilikaa mpaka Agosti 1979 Sebastian Coe alipoivunja, na ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa mpaka 2022 kule Birmingham, miaka 48! Moscow 1980 Bayi alirudi Olimpiki kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, akakimbia vile vile, mbele, peke yake, mpaka Mpoland Bronisław Malinowski akampita kwenye mzunguko wa mwisho. Fedha. Medali hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo mpaka leo. Walker akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4 mara 100, na baadaye akapata ugonjwa wa Parkinson. Bayi akafungua skuli na kuingia kwenye uongozi wa michezo. Fainali yao ya Olimpiki haitakimbiwa tena na mtu yeyote.

Daftari la Bububu kwa sasa linasoma 17 kwa 17. Borg na McEnroe nao waliishia sare, 7 kwa 7, kwa hiyo unaweza kusema vijana wako kwenye kundi zuri. Ila wenyewe hawataki sare. Fundi simu amepata kazi Muscat, kwenye duka la jamaa yao, mkataba wa miaka miwili, na kila mtu anajua miaka miwili ya Muscat inavyorefuka. Walipanga Ijumaa ya mwisho iwe fainali. Mpaka watu wa maskani wakaahidi kusimama njiani, mmoja Kibweni, mwingine Mtoni, kuhakikisha hakuna anayekatiza.

Jumatano mchana ujumbe ukaja kutoka Muscat. Tiketi imesogezwa, ndege ni Alhamisi asubuhi.

Muuza juisi alipoambiwa aliendelea kukamua miwa, akamhudumia mteja, akarudisha chenji, ndipo akauliza, "Baada ya isha barabara inakuwaje?" Fundi simu akamwambia gari zinapungua, taa ziko mpaka sehemu kubwa ya njia, palipo giza watatumia tochi za simu. Maskani wakasema ni wazimu. Mmoja akasema wazimu ni kuondoka na sare.

Saa mbili na nusu usiku mama yake fundi simu akatoka nje kumtafuta mwanawe, akamkuta ameinama kwenye baraza, mwenzake kasimama pembeni anarukaruka kupasha miguu.

"Begi hujafunga," mama akasema, "weye wafunga viatu?"

"Dakika ishirini tu, mama."

Muuza juisi akasema ishirini na moja, maana leo atamshika kuanzia Kibweni. Mama akashika kiuno, akawatazama wote wawili, kisha akaiomba ile simu ya saa. Akasema hatoki pale mpaka warudi, na atakayefika wa kwanza atamwona kwa macho yake mwenyewe.