Aliyekuja Baada ya Marehemu: Tafakuri Juu ya Filamu ya Bill Evans na Wenzake, 1965

Mtu aliyezoea kuzisikiliza santuri za mpiga piano Bill Evans, anapoketi kwa mara ya kwanza kuitazama filamu ya kundi lake iliyopigwa na BBC mjini London mnamo Machi 1965, humtafuta mtu ambaye hayumo. Macho yake humpita Evans mwenyewe na kwenda moja kwa moja kwa mpiga besi. Mpiga besi huyo ni Chuck Israels. Anayetafutwa ni Scott LaFaro, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki yapata miaka mitatu na miezi minane. Kwa hivyo, kabla hata ya sauti ya kwanza kusikika, Israels huwa amekwisha kuhukumiwa kwa kosa la kutokuwa mtu mwingine. Tafakuri hii inaihusu hukumu hiyo, na namna filamu yenyewe, ikitazamwa kwa utulivu, inavyoitengua.

Yafaa kwanza kueleza chanzo cha hukumu. Evans alizaliwa mwaka 1929 huko New Jersey, Marekani. Baada ya kushiriki katika santuri ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue, iliyorekodiwa mwaka 1959, aliunda kundi lake la watu watatu mwishoni mwa mwaka huo huo: yeye kwenye piano, LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma. Katika makundi mengi ya aina hiyo, mpiga piano ndiye aliyekuwa msemaji, ilhali wenzake walikuwa waitikiaji. Besi ilitembea hatua kwa hatua ikiyahesabu mapigo, na ngoma ikaulinda mwendo. LaFaro hakuridhika na kazi ya kuhesabu. Alizishusha nyuzi za ala yake karibu na ubao ili vidole vipate wepesi, akapanda hadi kwenye sauti za juu, akawa anamjibu Evans, anamkatiza, na mara nyingine anamtangulia. Motian naye aliacha kuyapiga mapigo yote waziwazi, akayaachia mengine yahisiwe tu. Palipokuwa na kiongozi na waitikiaji pakawa na majibizano ya watu watatu wenye hadhi sawa.

Ushahidi mkuu wa majibizano hayo ulirekodiwa Jumapili tarehe 25 Juni 1961, katika ukumbi mdogo wa Village Vanguard mjini New York. Siku hiyo walipiga awamu tano, mbili alasiri na tatu usiku. Glasi zinasikika zikigongana, watu wakinong'ona na kucheka, kama kwamba hakuna jambo kubwa linalotendeka mbele yao. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 25. Evans aliacha kupiga hadharani kwa miezi kadhaa.

Hapa pana jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita. Santuri ya kwanza iliyotokana na Jumapili hiyo, Sunday at the Village Vanguard, haikupangwa kwa mfuatano wa tukio lenyewe. Ilipangwa baada ya kifo. Vipande vilivyochaguliwa ni vile vilivyomdhihirisha mpiga besi. Santuri inafunguliwa kwa Gloria's Step na kufungwa kwa Jade Visions, tungo mbili za LaFaro mwenyewe. Vipande vingine vya siku hiyo viliwekwa katika santuri ya pili, Waltz for Debby, iliyotolewa mwaka 1962. Kwa maneno mengine, kile ambacho msikilizaji hukichukua kuwa ni picha halisi ya kundi hilo ni, kwa sehemu yake kubwa, tungo ya maombolezo. Sauti ni za Juni, lakini mpangilio ni wa waliofiwa. Hilo halipunguzi thamani ya kazi hiyo hata kidogo. Linamkumbusha mhakiki tu kwamba kipimo anachokitumia kumpimia Israels kilichongwa na huzuni, na huzuni ina haki zake, lakini si mizani.

Zaidi ya hayo, hakuna filamu inayojulikana ya Evans, LaFaro na Motian wakipiga pamoja. LaFaro wa kundi hilo ni sauti bila mwili. Kila msikilizaji humtungia uso, mkao na mwendo wa mkono, na kiumbe kilichotungwa hivyo hakichoki wala hakikosei. Israels, kinyume chake, ana mwili. Amesimama ubavuni mwa piano ndani ya suti, chini ya taa kali, na kila anachokitenda kinaonekana. Si mashindano ya haki kumshindanisha mtu anayeonekana na mtu anayewaziwa.

Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kipindi kiitwacho Jazz 625, kilichoanza mwaka 1964 pamoja na idhaa mpya ya BBC2. Nambari hiyo ilitokana na mistari 625 iliyounda picha ya idhaa hiyo, ambayo ilikuwa safi kuliko ile ya mistari 405 iliyotangulia. Mtangazaji ni Humphrey Lyttelton, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi. Kundi lilirekodi vipindi viwili siku moja, tarehe 19 Machi 1965. Kwenye ngoma yupo Larry Bunker, mwanamuziki wa Los Angeles aliyeichukua nafasi ya Motian. Picha ni nyeusi na nyeupe.

Mtazamaji aliyefundishwa na wahakiki wa fasihi simulizi huijia filamu ya namna hii akiwa na matarajio maalum. Amesoma kwamba maana ya tungo ya utendaji haikai katika maneno peke yake, bali pia katika uso wa fanani, ishara za mikono na macho yanayokutana. Hivyo basi hutarajia kwamba picha itayafichua majibizano ambayo santuri iliyaficha. Anachokikuta kinamshangaza. Evans ameinama hadi kichwa chake kinakaribia vibonyezo vya piano, miwani yake ikielekea chini, macho aghalabu yamefumbwa. Hatoi ishara ya kuingia wala ya kutoka. Watatu hawa wanajibizana kwa ukaribu mkubwa pasipo kuonyesha kwamba wanajibizana. Kilichorekodiwa si mazungumzo bali usikivu, nao usikivu hauna ishara nyingi za nje.

Katika usikivu huo ndipo hadhi ya Israels inapoanza kujitokeza. Chukua Waltz for Debby, tungo ambayo Evans alimtungia binti wa kaka yake, na ambayo ilipigwa Village Vanguard na vilevile mbele ya kamera za London. Wimbo huanza kwa mapigo matatu, kama wimbo wa kumbembelezea mtoto, kisha hugeukia mapigo manne na kuanza kuchangamka. Mwaka 1961, mgeuko huo ni mlango ambao LaFaro anaupita mbio. Besi yake hujaza kila upenyo, na uzuri wake ni uzuri wa wingi. Mwaka 1965, Israels hajazi. Huweka sauti chache zilizochaguliwa, huziacha zidumu, na kumwachia Evans nafasi kati ya sauti moja na nyingine. Anapopewa zamu ya kusema peke yake, husema kama mtu anayesimulia, sentensi baada ya sentensi, si kama mtu anayeshindana.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba huku ni kurudi nyuma, kwamba besi imekubali tena kuwa mtumishi. Kauli hiyo haisimami. Mtumishi hulinda mapigo kwa sababu ameagizwa. Israels anachagua lini ayalinde na lini ayaache. Tofauti hiyo husikika hata zaidi katika My Foolish Heart, wimbo mwingine uliopigwa katika matukio yote mawili. Huo ni wimbo wa polepole kiasi kwamba besi ikikosea kidogo tu, mwendo wote huanguka. Bunker anaipapasa ngoma kwa brashi za waya, Evans anachelewesha kila kishazi, na Israels ndiye anayeushikilia wakati usivunjike. Kazi hiyo haina fahari kubwa, lakini bila yeye unyamavu wa Evans ungekuwa pengo tupu. Kwa sababu yake, umekuwa sehemu ya usemi.

Kwa hakika filamu nayo ina udanganyifu wake. Kamera inaposogea kwenye uso, mikono hupotea. Inapokaa juu ya vidole vya Evans, mtazamaji husahau kwamba wakati huo huo besi inasema neno. Jicho hufuata kinachoonyeshwa na sikio hulifuata jicho. Kwa sababu hiyo, mtu akifumba macho katikati ya kipindi, humsikia Israels vizuri zaidi kuliko alipokuwa akimtazama. Picha haikuja kuchukua nafasi ya santuri. Kila moja huhifadhi kile ambacho nyingine imekipoteza.

Isitoshe, kuhifadhiwa kwenyewe ni bahati. Kanda za televisheni zilikuwa ghali katika miaka hiyo, na BBC ilifuta nyingi ili zitumike tena. Vipindi hivi viwili vimebaki ilhali vingine vingi vimetoweka. Mhakiki anayefanya kazi kwa kumbukumbu za namna hii huponzwa na makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kudhani kwamba kilichobaki ndicho kilichokuwa bora. La pili, ambalo ni la hila zaidi, ni kudhani kwamba kilichopotea ndicho kilichokuwa bora. Kosa la pili ndilo linalomwumiza Israels. Ya kale ni dhahabu, husemwa. Lakini msemo huo hausemi kwamba yaliyofuata ni shaba.

Suala hili si la muziki peke yake. Kila sanaa inayorithishwa kwa utendaji huwa na mtu wa namna hii: yule anayesimama mahali ambapo hadhira ingali inamwona marehemu. Njia mbili huwa mbele yake. Aweza kumwiga aliyetangulia, na kila umahiri wake ukawa ukumbusho wa mwingine. Aweza pia kuipokea nafasi bila kuivaa sauti ya mwenyewe wa kwanza, na njia hii inahitaji ujasiri mkubwa zaidi, maana hadhira humwadhibu kwayo. Israels, aliyezaliwa mwaka 1936 kama LaFaro, aliifuata njia ya pili. Uhakiki unaomsifu LaFaro kwa kukataa kuwa kama wapiga besi waliomtangulia, kisha ukamlaumu Israels kwa kukataa kuwa kama LaFaro, unajipinga wenyewe.

Vipindi vyote viwili vinafunguliwa na kufungwa kwa kipande kifupi cha Evans kiitwacho Five. Kipande hicho kinaporudi mwishoni, mtazamaji anajua mambo ambayo wale watatu hawakuyajua: kwamba Evans angefariki mnamo Septemba 1980 akiwa na umri wa miaka 51, na kwamba kundi lao nalo lilikuwa la muda tu, kama lile lililolitangulia. Ujuzi huo waweza kumrudisha mtazamaji kwenye maombolezo. Waweza pia kumfunza adabu nyingine, nayo ni kuirudisha filamu mwanzo na kuitazama upya bila kumtafuta asiyekuwepo. Safari hii macho yanapofika kwa mpiga besi hutua, na mtazamaji huanza kumsikia mtu anayepiga.