Kuhesabu pumzi za mtoto

Muuguzi aliyetutembelea mwezi uliopita alituomba jambo ambalo hatukulizoea. Alisema: mtoto akiwa na kikohozi, hesabuni pumzi zake. Wengi wetu tulicheka. Mama mzee mmoja alikataa wazi, akasema pumzi ni ya Mungu, haihesabiwi kama franka za likelemba. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo tumefuatilia habari hii, na tunataka kuwaambia tuliyoyapata.

Hesabu hii haikuanzia katika hospitali kubwa. Ilitoka Goroka, mji wa milimani katika nchi ya Papua New Guinea, karibu na Australia. Mji ule uko juu kama Bukavu yetu, na usiku kuna baridi. Watoto wengi walikuwa wakifa kwa nimonia, na vituo vya vijijini havikuwa na daktari wala mashine ya kupiga picha ya mapafu. Daktari Frank Shann na wenzake wakatafuta alama ambayo muuguzi anaweza kuiona kwa macho yake tu. Waliwachunguza watoto wenye kikohozi, wakaona kwamba anayepumua zaidi ya mara 50 kwa dakika, mara nyingi ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Na yule ambaye kifua chake kinaingia ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, huyo anahitaji hospitali. Waliandika hayo mwaka 1984. OMS iliyachukua, ikayapanga kufuatana na umri, na ndiyo RECO wetu wanayofundishwa mpaka leo.

Sababu yake inaeleweka. Mapafu yenye nimonia yanajaa maji na usaha, yanakuwa magumu. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu, basi anavuta fupi fupi, nyingi, ili apate hewa ya kutosha. Joto la mwili linaweza kudanganya, kikohozi chenye kelele kinaweza kuwa cha mafua tu, lakini pumzi za haraka zinatueleza kinachotokea ndani.

Tunahesabu hivi. Mtoto awe ametulia, si anayelia wala anayenyonya. Akilala ni vizuri zaidi. Funua nguo, tazama tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Simu iwe mkononi, dakika nzima ipite. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, kwa sababu watoto wadogo hupumua mbio kidogo, kisha polepole, na hesabu inapotoka. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka 1: 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5: 40 au zaidi.

Lakini mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, anayelala bila kuamka vizuri, au ambaye kifua kinaingia ndani, huyo hahitaji hesabu. Mbebe, uende. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akiwa mgonjwa, msibaki nyumbani mkibishana juu ya namba.

Wiki mbili baada ya mkutano ule, mtoto wa miezi 8 wa mmoja wetu alikohoa usiku. Nyumbani walitaka kumnunulia siro ya kikohozi asubuhi, kama kawaida. Mama yake alihesabu 62. Alirudia, akapata 61. Walipanda pikipiki mpaka kituo cha afya, wakapewa amoksisilini, vile vidonge vinavyoyeyushwa ndani ya maji au maziwa ya mama. Siro isingeua vijidudu vya nimonia. Hata chupa tatu zisingeviua. Siku ya tatu alikuwa anacheza na sahani. Wiki hiyo hiyo mtoto mwingine, wa miaka 2, alihesabiwa 34, anacheza na anakula. Alibaki nyumbani na vinywaji vya moto, mama yake akiendelea kumwangalia, na pesa ya dawa ilinunua unga.

Tusifikiri ni jambo dogo. Kwa hesabu za UNICEF za mwaka 2018, Kongo yetu ilikuwa kati ya nchi tano ambazo pamoja zilipoteza zaidi ya nusu ya watoto wote duniani waliokufa kwa nimonia. Chanjo ya kukinga aina moja kubwa ya nimonia tunayo tangu 2011, na inatolewa pamoja na chanjo nyingine za mtoto. Angalieni karatasi zenu za chanjo.

Kwetu sisi hesabu haikuwa ngumu. Ngumu ni kinachofuata saa saba ya usiku, wakati namba imepita 50 na mwenye pesa yuko safarini, au yuko nyumbani na anasema tungoje kuche. Kwa hiyo kikundi kimeamua: kisanduku cha msaada kitafunguliwa kwa ajili ya pikipiki na karatasi ya kituo, mama akileta namba tu, bila kungoja ruhusa ya mtu. Atarudisha polepole. Baba watatu wameshatuma ujumbe kwamba tunawapita. Tumewaalika siku ya posho ijayo, saa tisa, waje na simu zao. Mtoto aliyelala tutampata.