Gogo Halina Upande wa Pili

Maputo inakutembeza kwenye mapinduzi hata kama umetoka kutafuta chai tu. Unavuka Barabara ya Karl Marx, unakata ya Ho Chi Min, na ukichoka unasubiri teksi kwenye ya Julius Nyerere. Kwenye njia ya uwanja wa ndege kuna Uwanja wa Mashujaa, alikolazwa Eduardo Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Frelimo, aliyeuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam mwaka 1969. Karibu yake umesimama ukuta mrefu uliochorwa vita vya ukombozi, na adui anajulikana. Ile vita nyingine, ya wenyewe kwa wenyewe kati ya Frelimo na Renamo, iliyoanza 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru, hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, nilikuja kuikuta kwenye soko la wachongaji la Feima, chini ya meza, nyuma ya twiga na mabakuli ya saladi.

Ni kinyago cha mpingo, kimo chake kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa mbali ungedhani ni ujamaa wa kawaida, ule mnara wa watu waliopandiana mabegani ambao Wamakonde waliovuka Ruvuma waliupa jina hilo huko Dar es Salaam. Inasimuliwa kuwa wa kwanza, wa Yakobo Sangwani, ulikuwa wa mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake. Huku Maputo wauzaji huwaambia watalii kuwa ni familia, na watalii hufurahi.

Huu nilichuchumaa kuutazama. Juu watu wanampandisha mwenzao, vidole vimekunjuka, viganja vimemkinga nyayo. Katikati mikono inabadilika tabia: mmoja umekamata kifundo cha mguu, na misuli yake inavuta kwenda chini. Huko chini wawili wameng'atana mabega. Bunduki iliyo kati yao haina mwenyewe. Kitako kinaota kwenye mbavu za huyu, mtutu unazama kifuani mwa yule, wala hakuna kiungo popote. Fundi ameacha ukanda wa ile nyama nyeupe ya mpingo, ambayo wengi huiondoa yote kwa tezo, nao unapita kwenye nyuso za wote wawili.

Nilitafuta nani Frelimo, nani Renamo. Sare hawana, na chale za usoni ni zilezile. Mchoraji wa ukuta anaweza kumpanga adui ng'ambo ya pili. Gogo halina ng'ambo: ukilizunguka unarudi kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kazi hii ya chini ya meza inasema kweli kuliko ukuta ule wote.

Fundi mwenyewe alikuwa pembeni, msasa mkononi, kopo la rangi ya viatu kati ya miguu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wa Mtwara wewe?”

Mzaliwa wa Mueda, Kiswahili amekipata utotoni Tanzania, wazazi wake walipokimbia vita ya Mreno. Walirudi baada ya uhuru, 1975, na alipokua akachukuliwa vitani, akapelekwa Zambézia.

“Hawa wa juu niliwaona nikiwa mtoto,” alisema akigonga kwa kidole. Akashusha kidole. “Hawa nilikuwa nao.”

Wa upande gani, sikumuuliza.

Bei aliyotaja ilikuwa ya haki kwa kazi ya miezi, ila gogo lenyewe lilinishinda uzito. Alisema halichukuliki hata kwa wageni. Wanalipiga picha, kisha wanauliza kama ana jingine lisilo na bunduki. Basi amechonga madogo, mtutu ameugeuza mpini wa jembe, na waliong'atana sasa wanalima.

“Hayo ya jembe,” alisema, “hayakai wiki.”