Wazee Wake Wako Wapi?

Mwaka 2003, Waingereza walipokuwa wakimalizia barabara ya kulipia ya M6 Toll, karibu na Birmingham, nakala zipatazo milioni 2.5 za riwaya za mapenzi za kampuni ya uchapishaji ya Mills & Boon zilisagwa na kuchanganywa kwenye tabaka la juu la barabara. Wajenzi walieleza kuwa karatasi ile husaidia lami kushikamana na hupunguza kelele za magari. Naishi jirani na barabara hiyo, na habari yake iliniuma, maana nimekulia Tanga, ambako kurasa za hadithi za mapenzi tulizikuta zimefungiwa karanga. Kote kuwili hadithi hizi husomwa na watu wengi mno, kisha karatasi zake hutafutiwa kazi nyingine, wala hakuna anayekaa chini kusema ipi imeandikwa vizuri na ipi imeandikwa ovyo.

Ndiyo maana nimeanza kuzihakiki, za Kiingereza na za kwetu, kwa Kiswahili, na kwa umakini uleule wanaopewa waandishi wanaofundishwa vyuoni.

Wasomaji wa riwaya hizi wanastahili hilo. Kazi yangu hapa ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na mmoja wao alikuwa bibi aliyepungukiwa na macho. Maktaba ilimletea riwaya za maandishi makubwa, nami nikawa namsomea jioni. Kabla sijaanza, alinitaka nifungue ukurasa wa 7 nitazame namba yake. Kama chini ya ile 7 kulikuwa na kistari cha penseli, kitabu alikwisha kukisoma, nikiweke kando. Pembeni palikuwa na alama za wenzake asiowajua: duara, msalaba, herufi mbili za jina. Ni desturi ya siku nyingi ya wasomaji wazee wa maktaba za Uingereza. Nilipoziona nilikumbuka bweni letu, kitabu kimoja kikizunguka vitanda vyote, jalada limeshang'oka, na ndani yameorodheshwa majina ya wanaosubiri zamu. Matroni akikikamata, wote tumekosa.

Bibi yule alikuwa mhakiki hasa. "Amemsamehe upesi mno," aliniambia siku moja, nikarudia sura ile kimoyomoyo, nikaona kweli: mwanamume ametamka neno moja tu la kuomba radhi, na mwanamke ameshavaa pete.

Wanaozibeza riwaya hizi husema mwisho wake unajulikana. Unajulikana, ndiyo, na hilo ndilo sharti la fani hii kwa Waingereza na Wamarekani, mapenzi yawe kiini na mwisho uwe wa furaha. Hata harusi, tangu kadi inapogawiwa twajua itaishia wapi, na watu wanajaa. Mhakiki anapaswa kuuliza kama furaha ile imestahiliwa: nani amebadilika, na kwa kitendo gani.

Swali langu jingine amenipa shangazi. Nilimsimulia kwa simu riwaya ya mwanamke anayehamia kijiji cha pwani, kwenye nyumba ya peke yake, akapendana na daktari. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, na wazee wake wako wapi?" Nikarudi kitabuni kutafuta. Mama ametajwa mara moja, ni marehemu. Hakuna mshenga, hakuna wa kuuliza daktari yule ametoka ukoo gani. Nyumba ile tupu naifahamu kwa kuishi huku. Unaweza kupenda Birmingham na asitokee mtu wa kupeleka habari kwenu, na raha ya jambo hilo nimeionja. Siku ya ugomvi, pia, hakuna wa kumwita aje kuwasuluhisha.

Riwaya za kwetu nyumba imejaa, lakini msichana ndiye anayelipa. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, Bahati anampenda Idi, na Idi anamtumia ili aifikie mali ya tajiri Mwinyi. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni, inamfikisha Rosa kwenye kujiua. Ni kazi kubwa zote mbili, na sitaki neno moja liondolewe. Ila hadithi za mfululizo za magazeti ya udaku zilichukua ile adhabu na kuifanya mtindo, kwa sababu gazeti la wiki ijayo lazima linunuliwe, na wapenzi waliotulia hawauzi gazeti. Tumezoeshwa kudhani mapenzi yenye amani hayana hadithi, ilhali Shaaban Robert katika Utubora Mkulima alimtoa mtu mjini, akampeleka shambani, na mapenzi yakamkuta huko huko kwenye utulivu.

Nilimsimulia bibi yule Kiu pia, jioni kadhaa mfululizo. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akaniagiza nimtafutie Bahati mwanamume mwingine.

Riwaya ninayoitaka ina wazee ndani, na inamwacha msichana apende na aishi vizuri. Mambo yenyewe yanatokea kila siku. Posa ya mpwa wangu ilisomwa kwa simu ya video: wazee wetu sebuleni Tanga wamevaa kanzu, upande wa mwanamume wako Leicester na makoti yao, binti mwenyewe yuko jikoni kwangu anasikiliza mlangoni, na mtandao ukakatika mjomba alipofika kwenye kutaja mahari. Kabla haujarudi, binti alikwisha kuniambia ni kiasi gani angependa kitajwe, na kwa nini. Sijakutana na riwaya yoyote iliyoandika dakika zile. Mwenye nayo anitumie, nitaihakiki kabla ya nyingine zote.