Makosa ya Mama

Kwenye treni ya kutoka Gent kwenda Bruxelles, kondakta huwasalimu abiria kwa Kiholanzi peke yake. Ndani ya Bruxelles anasema Kiholanzi na Kifaransa. Ukibadilisha treni pale ukaendelea kusini hadi Namur, Kiholanzi kimekwisha, unasikia Kifaransa tu. Mara ya kwanza nilidhani kondakta amechoka. Mwanafunzi mwenzangu akanieleza kwamba ni sheria: mpaka wa lugha nchini Ubelgiji uliwekwa kisheria mwaka 1962, na wafanyakazi wa treni wanaufuata, hata kama behewa zima linaelewa lugha zote mbili.

Nilikaa Gent muhula mmoja, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kadi ya ukaazi niliyopewa iliniruhusu kuzitembelea nchi nyingine za Schengen bila viza ya pili. Posho ndiyo haikuruhusu. Kwa hiyo nilisafiri mwisho wa juma tu, kwa tiketi ya vijana, nikiwa na mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, na pasipoti ndani ya mfuko wa shati, ambapo niliigusa kila baada ya kituo kuhakikisha ipo.

Katika kompyuta yangu nilibeba pia rasimu ya tasnifu. Jina lake lilikuwa «Makosa ya Kiswahili cha Lubumbashi». Kwa mifano sikuhangaika. Kila Jumapili mama alinitumia sauti kwa simu, nami nilizisikiliza mara mbili: mara ya kwanza kama mtoto wake, mara ya pili na kalamu mkononi. «Mutoto yangu, uko muzima? Baridi iko mingi? Kule kwa bazungu unakulaka bukari?» Niliandika kwenye jedwali, safu ya kushoto: unakulaka. Safu ya kulia: huwa unakula. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa na mifano arobaini na saba, karibu yote ya mama.

Yaliyotokea Matonge siyaandiki kwa furaha. Matonge ni mtaa wa Bruxelles, katika Ixelles, karibu na Porte de Namur, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Utapata pale sombe, samaki wa chumvi na saluni za kusuka nywele. Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Nilikwenda na rafiki yangu wa darasani, Mtanzania, nikitaka kumwonesha kitu cha kwetu. Tulikuwa tunazungumza Kiswahili, mimi nikichagua maneno yangu kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Mama mmoja aliyekuwa anachagua mihogo akageuka, uso umefunguka. «Aa, munasemaka Swahili! Mutoto, unatoka Lubumbashi ao Bukavu?»

Nilimjibu kwa Kifaransa. Nilimwambia asante, tunapita tu.

Alinitazama kidogo, akarudia mihogo yake. Tulipofika kwenye kona rafiki yangu akauliza mama yule alisema lugha gani. Nikasema, «Kiswahili kibovu cha kwetu.» Akatembea hatua kadhaa, kisha akasema, «Mbona mimi nimemwelewa?»

Usiku ule nilijiambia kwamba nililinda lugha. Usingizi haukukubali maelezo hayo. Yule mama alikuwa na sauti ya nyumbani, na mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa lugha ya watu waliotutawala, ili Mtanzania asidhani kwamba na mimi nasema hivyo. Na nasema hivyo. Nyumbani nasema hivyo tangu nilipoanza kusema.

Kuanzia hapo nikaanza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Bibi aliyenipangisha chumba alipenda kutazama televisheni jioni. Mkulima wa Flandria ya Magharibi akihojiwa, anasema kwa namna ya kwao, na chini ya picha yanapita maandishi ya Kiholanzi ili Waflandria wengine wamfuate. Hakuna aliyemwambia mkulima anakosea. Chuoni, walimu walichunguza hata ile lugha ya katikati, isiyo lahaja na isiyo Kiholanzi cha vitabu, ambayo watu wa Flandria huitumia kila siku. Wanaiita tussentaal. Wako wanaoilalamikia, lakini inachunguzwa kwa kanuni zake, kama lugha yoyote.

Safari iliyonigeuza zaidi ilikuwa ya Luxembourg. Nitasema ukweli, niliichagua kwa sababu ya franga. Tangu tarehe 1 Machi 2020, mabasi, tramu na treni za ndani ya nchi hiyo ni bure katika daraja la pili, hata kwa mgeni. Tulipita Namur, misitu ya Ardenne, Arlon, kisha tukavuka mpaka bila mtu kuuliza kitu. Kwenye basi la kwanza abiria waliingia wakisema «Moien», nami nikajibu «Moien», neno langu la kwanza la Kiluxembourg.

Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alifurahi, akanihamia Kifaransa. Nilipomwambia nasoma isimu, akanieleza jinsi alivyokua: nyumbani Kiluxembourg, shuleni kujifunza kusoma kwa Kijerumani, halafu Kifaransa. Akasema Wajerumani wengi wakiwasikia hudhani ni Kijerumani cha watu wa kijijini. Kwa upande wa isimu hawajapotea mbali, kwa maana lugha hiyo ni ndugu wa karibu wa lahaja za Kijerumani za bonde la mto Moselle. Lakini mwaka 1984 sheria iliitambua kuwa lugha ya taifa. Nilimuuliza kulibadilika nini katika namna ya kusema. Akacheka. «Hakuna. Mama yangu aliendelea kusema vilevile.»

Wakati wa kurudi nilifungua jedwali langu. Nikatazama mstari wa kwanza, unakulaka, nikajaribu kuusoma kama ningekuwa nausoma kutoka lugha nisiyoijua. Kiambishi -aka, mwishoni mwa kitenzi, maana yake ni jambo la mazoea. Lingala wanacho -aka hicho. Wataalamu wa Kibantu cha kale wamejenga upya kiambishi *-ag- chenye kazi ya namna hiyo. Kiswahili sanifu kinatumia hu- mwanzoni. Mama hakuwa amevunja kanuni. Alikuwa anafuata kanuni nyingine, na mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, nilikuwa nimeiandika katika safu ya makosa bila kuiuliza chochote.

Na haikuwa kwamba vitabu havipo. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kufundisha Amsterdam, alitoa mwaka 1986 kitabu kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1990 alichapisha pamoja na maelezo yake historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha mji huohuo. Watu waliotoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini kufanya kazi katika migodi waliishi, walioa na walizikana kwa lugha hiyo. Nilikuwa nimevisoma vitabu hivi. Nilivinukuu hata katika utangulizi. Halafu nikageuza ukurasa na kuanza kuhesabu makosa.

Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Makala hii nimeiandika kwa sanifu kwa sababu nataka msomaji wa Bujumbura na wa Dodoma anifuate. Ninachosema ni kwamba sanifu haihitaji aibu yangu ili iishi.

Nimerudi Lubumbashi tangu mwezi wa saba. Jina jipya la tasnifu ni «Sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi: kiambishi -aka». Msimamizi wangu hajalikubali. Anasema watoto wetu tayari wanaanguka mitihani ya Kiswahili, na mimi nataka kuwapa kisingizio. Hoja yake si ndogo, na sina jibu kamili. Utetezi uko mbele.

Wiki iliyopita nilikaa jikoni na mama, nikamuuliza tofauti ya «unakula» na «unakulaka». Aliendelea kusonga bukari.

«Unakula, ni sasa. Unakulaka, ni kila siku. We hauyue ile?»

Nikamweleza kuhusu jedwali, safu ya kushoto na safu ya kulia, na sauti zake za Jumapili. Nilidhani atacheka. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

«Njo kusema uliandika mama anakosaka?»

Nikasema ndiyo, mama, niliandika.

Alikaa kimya kwa muda, kisha akaanza kusonga tena, akiwa amenipa mgongo. «Kesho uniletee ile makaratasi,» akasema. «Unisomee yote.»

Nilimsomea. Mfano wa kumi na mbili alisema nimemsikia vibaya, yeye hasemi hivyo. Nimeusahihisha.