Ni Usiku Mmoja Tu

Wazazi wenzangu, nyumbani kila mtu anajua mahali pake pa kulala. Baba na mama wana chumba chao, wasichana wana chao, na wavulana wana chao, hata kama mlango ni pazia tu. Lakini siku ya kufunga mizigo, utaratibu huo wote huachwa kizingitini. Watu husema: "Haidhuru, ni usiku mmoja tu." Habari ya usiku huo mmoja ndiyo nitakayo kuieleza leo.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini twalijua vema gari moshi la TAZARA. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa Wachina, ikakabidhiwa mwaka 1976, nayo ina urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi huko Zambia. Toka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 850, na msafiri hana budi kulala njiani. Reli haifiki Iringa mjini, kwa hiyo watu wengi wa upande huo hupandia Makambako.

Tulisafiri mwaka 2017, kwenda Dar es Salaam kwenye arusi ya jamaa yetu. Tulikuwa watu wanane: mimi na mke wangu, binti zetu wawili, mmoja wa miaka kumi na mitano na mwingine wa miaka tisa, wana wetu wawili, wa miaka kumi na mmoja na sita, kijana wa kaka yangu, mtu mzima tayari, na mama mkwe wangu, atokaye Mafinga.

Katika mabehewa ya kulala, chumba cha daraja la kwanza kilikuwa na vitanda vinne, viwili chini na viwili juu. Cha daraja la pili kilikuwa na sita. Tena desturi ya gari hilo ilikuwa kwamba wanaume hulala chumba chao na wanawake chumba chao, isipokuwa kama jamaa wamelipia chumba kizima. Basi, kabla ya kwenda kukata tikiti, shauri likawa refu nyumbani.

Mdogo wangu alishauri tuchukue chumba kimoja cha daraja la pili, watoto wadogo walale wawili wawili, na fedha itakayobaki tununue zawadi ya arusi. Jirani mmoja akatoa shauri jingine: sisi wazazi tulale chumba kimoja pamoja na wakubwa wenzetu, na watoto wanne wapewe chumba chao. Watoto waliposikia hayo walipiga makofi. Walikwisha anza kugombania kitanda cha juu.

Shauri la kwanza liliuawa na maneno mawili. Neno moja ni heshima ya ukwe. Mkwe hawezi kujilaza mbele ya mama mkwe wake, wala mama huyo hawezi kuvua kitambaa chake cha kichwa mbele ya mkwewe. Neno la pili lilitoka kwa binti yetu mkubwa. Hakuniambia mimi, alimwambia mama yake jikoni: afadhali akae kwenye kiti cha daraja la tatu mpaka Dar es Salaam, kuliko kulala mbele ya baba na kaka zake. Mama yake aliponiletea habari hizo nilinyamaza. Msichana aliyekwisha kujua kujistahi, ni nani amvunjie stahi yake kwa sababu ya nauli?

Shauri la pili lilikuwa gumu zaidi kulikataa, maana lilionekana kuwa la mila yetu. Sisi Wanyakyusa zamani tulikuwa na vijiji vya marika. Mvulana alipofika miaka kama kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walijijengea vibanda vyao, wakalala huko. Mama Monica Wilson, aliyefika Rungwe na kukaa na wazee wetu miaka ya 1930, aliyaandika hayo katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1951. Sababu ya desturi hiyo ilikuwa heshima: mambo ya usiku ya wazazi si ya masikio ya mwana.

Lakini yafaa kuitazama mila hiyo yote, si nusu yake. Wavulana wale walilala kwao, walakini walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo nyumba hii na kesho nyumba ile. Wasichana hawakupelekwa vibandani. Na kijiji cha wavulana kilikuwa karibu na kijiji cha baba zao, katika nchi ambayo kila mtu alimjua mtoto wa kila mtu. Behewa la gari moshi si kijiji. Kila stesheni hupanda watu wapya, na hakuna ajuaye mwenzake ametoka wapi.

Kwa hiyo tulichukua vyumba viwili vya daraja la kwanza, tukavilipia vyote. Chumba cha wanaume kilikuwa changu mimi, wana wangu wawili, na yule kijana wa kaka yangu. Cha wanawake kilikuwa cha mke wangu, binti zetu, na mama mkwe. Kitanda chake tulikilipia tangu Mbeya, ingawa yeye alipandia Makambako, ili asije akapewa mtu mwingine njiani. Zawadi ya arusi ikawa ndogo kuliko tulivyotaka.

Mchana tulikaa pamoja chumbani mwetu, tukala ndizi na kuku tuliotoka nao nyumbani. Usiku kila mmoja akaenda kwake. Usiku wa manane, gari likiwa limesimama stesheni ndogo, mtu aligonga kwa nguvu mlango wa kina mama, akidai ndicho chumba chake. Binti yetu mdogo aliamka, akashuka, akaweka mkono kwenye komeo afungue. Ndivyo tulivyomfundisha nyumbani: mgeni akibisha, mfungulie. Bibi yake akamshika gauni, akamjibu mtu yule kwa sauti ya mkubwa, naye akaenda zake. Pengine alikuwa amekosea mlango tu. Lakini kama chumba kile kingekuwa cha watoto peke yao, mlango ungalifunguliwa.

Upande wetu, yule wa miaka sita aliamka akilia katika giza. Hakujua yuko wapi. Nilimshika mkono tu, akalala tena.

Msidhani jambo hili ni letu sisi wa reli peke yetu. Ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika, Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, vyumba vyake vya daraja la kwanza vilikuwa vya vitanda viwili. Jamaa ya watu wanne ilibidi igawanyike. Hata zile meli kubwa za matembezi, zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa zikiwa na matajiri wa Ulaya na Marekani, zinalo swali lilo hilo. Makampuni mengi ya meli hizo hudai kila chumba chenye watoto kiandikiwe mtu mzima, au kama sivyo, chumba cha wazazi kiwe jirani kabisa. Matajiri nao wametungiwa sheria ya kile alichokifanya bibi wa Mafinga bila sheria.

Basi, wazazi, mnapopanga safari ya kulala njiani, hesabuni watu kabla ya kuhesabu fedha. Mkiweza, jazeni vitanda vyote vya chumba kwa watu wenu. Baba awe na wavulana, mama awe na wasichana, na mdogo kuliko wote alale kitanda cha chini. Pakiwa na vitanda viwili tu, kila mzazi achukue mtoto wake, na milango iwe jirani. Kama mzazi ni mmoja, aombe bibi, shangazi, au mjomba afuatane naye.

Baba na mama kulala mbalimbali usiku mmoja si hasara. Mtoto mkubwa apewe staha yake, na mtoto mdogo awe na mkubwa wa kumsikia anapoamka gizani. Hayo mawili yakipatikana, usiku mmoja njiani hautawatia hofu.