Mtu Anayekimbia Asubuhi Baraka

Hapa Baraka, mji wa Fizi huku Kivu Kusini, Kongo, mtu mzima hakimbii bila sababu. Akitokea mwanamume anapiga mbio alfajiri kwenye barabara ya ziwa, hakuna atakayedhani anajenga mwili. Watu watatazama nyuma yake waone kinachomfukuza, na mama aliye uani atakuwa ameshamshika mtoto mkono. Miaka ndiyo iliyotufundisha hivyo. Fizi ilipitiwa na vita vya 1996, ikapitiwa na vya 1998, na kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola, kaskazini mwa teritwari yetu. Maelfu walivuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, wakaishi kambi za Nyarugusu na Lugufu, na wengi walingoja hadi 2005 ndipo HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipoanza kuwarudisha. Watu wa historia hiyo wakisikia vishindo vya miguu gizani hawaulizi ni nani anayekuja. Wanauliza vinatoka upande gani.

Hao ndio ninaowaongoza kukimbia siku hizi, na kwa kazi hiyo ninakula.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa ofisi. Kwetu ofisi maana yake ni ONG, shirika lisilo la kiserikali. Hatuna viwanda wala makampuni makubwa; kijana aliyemaliza shule akitafuta mshahara wa mwisho wa mwezi, anatafuta jile, kile kizibao chenye nembo ya shirika, na nafasi ndani ya Land Cruiser. Wakimbizi wa kwetu walirudi, mashirika yakaja. Mwaka 2015 Warundi wakakimbilia huku, kambi ya Lusenda ikafunguliwa, mashirika yakaongezeka. Mimi nilikuwa kwenye lojistiki: mafuta ya magari, mabomba, dawa, magunia, na karatasi za kila kimoja. Sitaisema vibaya kazi ile. Maji yalifika, dawa zilifika, na ada za shule za wadogo zangu zililipwa kwa mshahara ule.

Lakini mradi huzaliwa na tarehe ya kufa imeandikwa ukurasa wa kwanza. Kontra ni ya miezi sita, unaongezewa mingine sita, kisha mnaambiwa mfadhili bado hajajibu. Mwishoni mwa 2020, MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, ambayo ilikuwa Baraka tangu 2003 na ambayo watu wengi wa hapa wana ndugu aliyetibiwa nayo, ilitangaza kuondoka baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa. Siku zile mji ulinyamaza. Nilianza kujiuliza ni kitu gani hapa kwetu kinaweza kudumu bila kusubiri jibu kutoka mbali, na mimi ningekuwa na sehemu gani ndani yake.

Jibu lilipita mwilini kwanza. Kazi ya ofisi hapa ni kukaa: unakaa mezani, unakaa garini ukirushwa na mashimo kutwa nzima, unarudi unakaa tena kuandika ripoti. Tulikula wali na nyama mchana, ndagala za chumvi jioni. Muuguzi rafiki yetu alikuja siku moja kutupima tansyo, yaani shinikizo la damu, tukicheka na kusukumana, na kicheko kikaisha pale alipowaita pembeni wenzetu ambao hata miaka arobaini walikuwa hawajafika. Tansyo zao zilikuwa juu, na hawakuwa na dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima bilioni 1.4 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Nilianza kutembea nao jioni ufukweni. Wakaongezeka. Nikaanza kusoma usiku juu ya moyo, misuli na viungo, na siku za mapumziko nikawa nakaa kando ya yule muuguzi nijifunze kupima na kujua ni nani nisimguse kabla hajaonwa na daktari.

Kuacha mshahara Fizi hakuamuliwi na mtu peke yake. Wanaosema fuata moyo wako wanasemea miji ambako mshahara ni wa mtu mmoja. Huku mshahara una wajomba, una watoto wa marehemu kaka, una jirani anayekuja na karatasi ya hospitali. Mjomba wangu aliponisikia alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, watu wanauza mbuzi wote ili mtoto wao apate kiti hicho. Wewe unakiacha ukacheze ufukweni?" Sikubishana naye. Nilimwomba anipe mwaka, nikamwonyesha ada za wadogo zilizokwisha kulipwa na akiba niliyoweka kwenye AVEC yetu, kile chama cha kuweka na kukopeshana ambacho kina mama wa Kivu wanakiendesha vizuri kuliko watu wengi wenye diploma. Nikimshauri mtu anayetaka kuacha kazi leo, naanzia hapo: waliosimama juu ya mshahara wako washushwe kwanza polepole, ndipo wewe uondoke.

Jambo la pili lililonipata ni kwamba milango niliyozoea kufunguliwa ilikuwa inafunguliwa kwa ile jile. Sasa nilikwenda kwa chefu wa kartie na shati langu tu. Nilikwenda kwa polisi, nikaenda kwa wanajeshi wa barabarani, nikawaeleza saa tutakayopita, njia tutakayopita na idadi yetu. Nilikwenda kwa wachungaji na kwa maimamu. Kote huko nilisema jambo lilelile: watu watapita mbio, na hakuna vita. Tukakubaliana hatutatoka kabla jua halijaonekana, na kwamba miezi ya kwanza tutatembea tu. Tukakubaliana pia kuimba. Waliokulia Tanzania walikuwa na nyimbo za mchakamchaka, na zikatufaa kuliko chochote ningeweza kubuni, kwa sababu anayekimbia kuokoa roho haimbi. Aliye ndani ya nyumba anasikia sauti kwanza, miguu baadaye, na moyo wake unatulia kabla hatujafika mlangoni pake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kuwapo. Hili ndilo nililojifunza zaidi ya yote, na ndilo ambalo vitabu vya mazoezi nilivyosoma havikulitaja. Watu wa hapa wameona mengi yakianza. Wameona mipira ikigawiwa, fulana zikigawiwa, mafunzo yakifunguliwa kwa hotuba na soda, na mwaka wa pili hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Mzee mmoja anayeuza mafuta ya mawese karibu na uwanja wetu alikuwa anatutazama kila asubuhi akiwa amekaa kwenye kiti chake, hasemi neno. Masika ilikwenda, kiangazi kikaja, masika nyingine ikafika, na asubuhi moja ya matope akasimama, akavua viatu akaja. Nikamwuliza, "Mzee, leo imekuwaje?" Akanijibu, "Kocha, nilitaka nione kama utakuwapo mvua ikirudi."

Nikifikiria kuwapo huko, mara nyingi namkumbuka kocha Brother Colm O'Connell wa Iten, Kenya. Aliwasili kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, hajui chochote kuhusu riadha, akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia na kuwauliza wanahisi nini. Tarehe 9 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London, mwanafunzi wake David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Watu husimulia ile medali. Mimi ninavutwa na ile miaka 36 kati ya tarehe mbili hizo, mwalimu yuleyule, kijiji kilekile, na saa zote zile za kutazama.

Walionifundisha mimi kutazama ni wanawake. Mwanzoni wateja wangu walikuwa watu wa mishahara na wafanyabiashara, na kwao mambo ni mepesi: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa mtu mzima, pamoja na angalau siku mbili za kutia misuli nguvu. Wanatembea, wanakimbia, wanapiga pompe, wanainua bidoni la lita 20, ambalo likijaa maji ni kama kilo 20 na halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Tansyo zinashuka, suruali zinalegea, wanafurahi.

Kisha akaja mama mmoja muuza muhogo. Hakuja kufanya mazoezi, alikuja kuuliza. "Mwanangu, mimi nimetoka shamba na mzigo kichwani. Nimechota maji. Nimetwanga. Unataka nifanye zoezi gani tena?"

Nilimwambia, "Mama, hakuna. Nionyeshe tu unavyounyanyua mzigo."

Akanionyesha, na wenzake wakaja wakanionyesha. Kuchuchumaa, ambako wafanyakazi wenzangu wa zamani walihitaji wiki kadhaa kukuweza bila kuinua visigino, mama hawa wamekuzoea mbele ya sufuria tangu utotoni. Nguvu wanazo. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wake walivuka ziwa kutoka Kigoma wakatua Kibamba, huku kwetu Fizi, na kila kitu kilichofika ufukweni kilipaswa kupandishwa mlimani kwa mabega. Askari waliofuzu walitaabika na njia zile, na yeye mwenyewe pumu ikamwandama hadi walipoondoka Novemba mwaka uleule. Wanawake wa Fizi wanapanda milima hiyohiyo hadi leo, muhogo ukiwa kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna anayewaandikia historia.

Kilichokosekana kwao kilikuwa kupumzika kwa namna inayojenga. Mgongo unaobeba upande mmoja kila siku unahitaji kunyooshwa upande wa pili. Goti linalokunjwa shambani linahitaji misuli ya paja iliyo macho. Shingo inayobeba inahitaji dakika chache za kulala chali juu ya mkeka na kupumua hadi tumboni. Tukaanza kikundi chao jioni, baada ya soko, nacho kikawa kikundi ambacho wanaume wanakipita wakidhani tunasali. Mama mmoja aliniambia usiku analala bila kugeukageuka, na mume wake amekuja kuuliza ni dawa gani. Tangu hapo, mtu yeyote akija kwangu swali la kwanza ni lilelile: leo mwili wako umeshafanya nini?

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu wengi wanaosimulia safari za namna hii hulipita jambo hilo haraka. Wenye mishahara hulipa kwa mwezi, kwa dola au kwa simu. Wavuvi hulipa wakati ziwa limetoa. Kina mama waliniambia wao watalipa kwa pamoja kutoka kwenye AVEC yao, na hao ndio wasiochelewa kamwe. Mwaka wa kwanza niliishi kwa akiba. Baadaye nikaanza kupata, chini ya mshahara wa zamani lakini kwa watu wengi zaidi, na wingi huo ndio ulioniokoa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ndani ya wiki chache kontra zikaanza kukatwa. Wenzangu wa zamani walirudisha jile zao. Wateja wangu wa dola wakapungua mara moja, kwa hiyo pigo lile lilinifikia hata mimi niliyeacha ofisi. Katika mji huu hakuna aliye nje kabisa ya fedha hizo. Waliobaki wakinilipa walikuwa wavuvi, wauza mafuta na wale mama wa muhogo.

Wale waliopoteza kazi niliwaambia waendelee kuja, watalipa siku yoyote. Mtu aliyepoteza kazi huku anaona aibu kutoka mchana. Asubuhi ya saa kumi na mbili ilikuwa saa yao ya kukutana na watu wakiitwa kwa majina yao, si kwa vyeo vilivyokwisha.

Desemba 2025 mji wa Uvira, kaskazini mwetu, uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na watu wakashuka na barabara ya ziwa kuja kwetu na kupita kwetu, godoro kichwani, watoto wakishikana mikono. Wiki zile hatukukimbia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kikundi kilikutana saa ileile mahali palepale, na tukaenda barabarani kubeba: mizigo, wazee, bidoni za maji. Niliwaona watu wa ofisi ambao zamani walihema wakipanda ngazi wamembeba bibi mzima kwenye kiti cha plastiki, wakibadilishana zamu bila kusimama, migongo imenyooka kama walivyoonyeshwa na mama wa muhogo. Baadhi ya waliobebwa siku zile walibaki Baraka. Tulipoanza tena, tulianza kwa kutembea, na nyimbo juu, kwa sababu wao walikuwa hawajazoea sauti zetu.

Kikundi cha kina mama kimenizidi sasa, na yapo maumivu ambayo mama wa hapa hatamweleza kocha mwanamume. Nimechukua wasichana wawili, mmoja alizaliwa Nyarugusu na mwingine ni wa hapahapa, wajifunze kwa yule muuguzi kupima tansyo na kwangu kuongoza. Niliwaambia sharti ni kufika kila jioni mwaka mzima, awepo mtu au asiwepo. Yule wa Nyarugusu akauliza, "Na mshahara, kocha?" Nikamjibu kwamba nusu ya kile kinachotolewa na AVEC ya kina mama ni yao kuanzia mwezi huu, na kwamba mama wenyewe ndio watakaoamua, masika ikirudi, kama itaongezwa. Alikwenda kuwauliza mama kama ni kweli. Jioni ile wote wawili walikuwa uwanjani.